Shangazi Anakunywa Maji na Chini Hakuna Tone

Jumamosi, jioni. Voi leo ni jua na vumbi tu, na upepo umeniangushia nguo zote kwenye kamba. Mikono yangu ina oili mpaka kwenye viwiko na macho yamevimba kwa kulia. Lakini moyo wangu ni mwepesi, kwa hivyo acha niandike kabla sijaoga.

Shangazi ni gari letu kuukuu. Baba alilinunua akiwa dereva wa malori kwenye shamba la mkonge karibu na Mwatate, na tukalipa jina hilo kwa sababu hulalamika njia nzima lakini hufika. Macho ya Baba yalipofifia alinikabidhi funguo, akahamia kwangu hapa mjini, na tukakubaliana jambo moja: kila mwisho wa mwezi nampeleka kijijini Rukanga akashike udongo wa shamba lake.

Miezi miwili sasa sijampeleka.

Shangazi alianza kumaliza maji. Najaza rejeta leo, kesho kutwa iko nusu, na chini ya gari hakuna hata tone. Siku moja nikipandisha kuelekea Mwatate mshale wa joto ulipanda mpaka juu kabisa, nikasimama kando ya barabara mpaka ikapoa, nikarudi polepole hadi kwa fundi. Fundi alifungua boneti, akatazama kidogo, akaifunga. Gasketi ya hedi imekwenda, mwalimu, akasema, maji yanaingia ndani ya injini, na injini nayo imekwisha. Hakufungua hata skrubu moja, nami nikamwamini kwa sababu alisema kwa sauti nzito.

Baba sikumwambia. Nilimwambia natembea kwenda shuleni ili nipunguze kitambi. Rukanga nikasema siwezi, nina karatasi za mtihani za kusahihisha. Kisha nikapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumatatu kumchukua Shangazi, Baba akiwa amelala mchana. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi hii nilikuwa natoa vitu vyetu ndani ya gari, leso ya marehemu Mama, kitabu cha nyimbo, jembe la Baba, nikasikia fimbo yake ukutani.

"Shangazi anahama?" akauliza.

Nikaangua kilio kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia yote, hata kitambi.

Baba hakunigombeza. Alipapasa boneti, akaniambia nifungue. Akataka nichomoe kijiti cha kupimia oili. Rangi gani? Nyeusi, nikasema. Si kama chai ya maziwa? Hapana. Akaniambia nijaze maji, niache rejeta wazi, niwashe injini ikiwa bado baridi. Kuna mapovu yanapanda? Hakuna. Alisimama nyuma ya gari akinusa moshi wa ekzosi mpaka nikaogopa atazirai. Hakukuwa na mvuke mweupe. "Hedi ni nzima," akasema. "Huyo fundi wako alipima na nini? Na kofia yake?"

Tulizima, tukanywa chai tukisubiri injini ipoe. Halafu akapitisha vidole ubavuni mwa injini, pale bomba la ekzosi linapoanzia, polepole, kama anayetafuta mwiba mguuni. Akanionyesha ncha ya kidole. Unga mweupe. Kabla sijamzuia aliulamba.

"Chumvi. Hii maji unatoa wapi?"

Ya kisima, nikasema, ya mkokoteni. Mabomba yetu hukauka wiki nzima, na maji ya kisima ndiyo ya kuoshea vyombo na kupigia deki. Huo ndio ujinga wangu wa miaka miwili: nilijaza rejeta kwa maji ambayo hata maharagwe sipikii.

"Wewe unakunywa hiyo maji?"

"Hapana, Baba. Ina chumvi mno."

"Sasa gari imekukosea nini?"

Nilicheka huku kamasi zikinitoka. Nikawasha tochi ya simu nikaufuata ule mstari mweupe kwenda juu, mpaka kwenye kifuniko kidogo cha bati kinachoziba shimo ubavuni mwa injini. Kutu ilikuwa imekila, katikati pana tundu dogo kuliko punje ya mtama. Maji yalitokea hapo yakaangukia ekzosi ya moto, yakakauka kabla ya kufika chini. Chumvi ilibaki. Kama ningetumia maji safi labda pasingeonekana kitu, lakini kwa maji safi pengine kifuniko kisingetoboka mapema hivi.

Nilimpigia mnunuzi wa vyuma nikamwambia asije. Alikasirika kidogo, nikamwombea heri. Jumatatu fundi mwingine, ambaye Baba mwenyewe amemchagua, atagonga kifuniko kipya, aisafishe rejeta, atie kulanti badala ya maji ya kisima. Nimembusu Shangazi kwenye kioo, majirani wameniona, na sijali.

Ningeishia hapo, lakini kuna neno Baba alilolisema nikimnawisha mikono, na bado linanichoma.

Alijua kuna jambo namficha. Kila asubuhi alikuwa kitandani anasikiliza kama injini itawaka, na haikuwaka. Hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu.

"Nilijua ni mimi," akasema. "Nilidhani umechoka kunibeba."

Miezi miwili mizima! Mimi namficha habari za gari ili asiumie, yeye kitandani anajiona mzigo. Nimemwambia sijachoka, Baba, sijachoka hata kidogo. Alitikisa kichwa, akaomba taulo. Sijui kama ameniamini.

Kesho tunaenda kanisani kwa miguu, mkono wake begani mwangu. Ni mbali kwa magoti yake, tutapumzika mara nyingi, na kila tukipumzika nitamwambia tena.