Kigogo cha Baba Kwenye Foleni

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, 21 Agosti 1983

Kaka yangu mpendwa Fransis,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Varna, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia. Mimi sijambo. Kazini bado nipo kwenye chumba cha wapiga chapa, na mvua za mwaka huu hazikutuharibia paa. Habari za Mama nitakupa kwa utaratibu, maana ndizo zilizonifanya nikae chini leo baada ya misa na kuazima karatasi za ziada kwa jirani.

Barua yako ya Julai ilifika wiki iliyopita. Umeandika kwamba chuo kimekupa nafasi ya kubaki miaka miwili zaidi usomee injini kubwa za meli, na kwamba lazima uwajibu kabla Oktoba haijaisha. Umetaka Mama ndiye aamue kama ubaki au urudi Desemba kama tulivyopanga. Nilimsomea mara mbili. Jibu lake ninalo, na nitakuandikia kama alivyolitamka. Lakini ukilisoma peke yake hutalielewa. Kwa hiyo nakuomba uvumilie, nikueleze kwanza tulivyoishi tangu Pasaka. Nimeweka shajara yangu mezani ili nisikosee tarehe wala nisiongeze chumvi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitumwa kwa Salumu, kabla maduka ya watu binafsi hayajafungwa. Ulikuwa unasema unachotaka, naye anakufungia sukari kwenye kipande cha gazeti, na akishapima anaongeza kijiko cha juu akisema hicho ni cha kulamba njiani. Siku hizi hakuna anayesema anataka nini. Tunaulizana leo kumeletwa nini. Mtu akiona foleni anaingia kwanza, kuuliza ni baadaye. Dada Mwanabaraka, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwezi wa pili alisimama tangu alfajiri hadi adhuhuri, akafika dirishani akakuta kinachouzwa ni betri za redio. Akanunua, na redio hana. Mama alipomcheka, alijibu kwamba afadhali yeye mwenye betri kuliko wenye redio zilizonyamaza, na kwamba nyie Wamakonde mna midomo ya kucheka watu, wakati mnakula ule unga wa njano wa msaada tunaouita yanga, mkijidai mnapenda rangi yake.

Kwa kuwa duka la ushirika hufunguliwa saa isiyojulikana, watu huacha kitu kiwashikie nafasi: tofali, sufuria iliyotoboka, kandambili moja. Kitu chako ndiyo wewe. Foleni ikisogea, walioko husogeza vitu vya wasiokuwepo, na hakuna anayethubutu kuruka tofali la mwenzake. Mama alichagua kile kigogo cha mpingo ambacho marehemu baba alikiacha hakijaisha, uso wenye paji na pua lakini usio na macho. Nilimwambia kitaibiwa. Alisema baba yenu alipokuwa hai hakupenda kukaa bure, basi mwache asimame.

Ile barua yako kuhusu duka kubwa la huko, ambako mtu huchukua kikapu cha waya akapita katikati ya rafu akijichagulia mwenyewe, imesomwa katika nyumba hii hadi imechakaa kwenye mikunjo. Mara ya kwanza Mama aliuliza ni nani anayekaa humo kuangalia usichukue fungu la anayekuja nyuma yako. Nilimwambia umeandika kwamba yuko mwanamke mlangoni mwenye mashine ya hesabu. Akasema huyo anaangalia hela, haangalii fungu. Mwanabaraka yeye alisema hahitaji mwangalizi, anachotaka ni kufungiwa humo mchana mmoja tu, na watakaofungua mlango waje na toroli. Katibu wa ushirika naye, kwenye mkutano wa Januari, alituahidi kwamba watoto wetu watanunua hivyo hivyo, kila mtaa na duka lake la rafu na vikapu. Watu walipiga makofi. Mama akanyoosha mkono, akauliza vigogo vyetu vitawekwa wapi. Ukumbi mzima ulicheka, na katibu akacheka, lakini Mama alikuwa anauliza kweli.

Sasa nifike kwenye sukari. Tangu ulipoondoka, Mama alikuwa akinywa chai bila sukari. Alisema utamu umemkinaisha, na kwamba ukubwani mtu hurudia ladha za majani. Wote tulimwamini.

Mwishoni mwa Machi ilitangazwa vita ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sijui huko mmesikia kiasi gani. Redio ilikuwa ikisoma habari zake asubuhi na jioni. Nyumba zilipekuliwa. Watu waliokuwa na vipande vitano sita vya sabuni walivitumbukiza chooni, na pale Chang'ombe majora ya vitambaa yalikutwa kando ya barabara hayana mwenyewe. Pasaka ilituangukia katikati ya hayo, na hata nje ya kanisa watu walipeana mkono wa sikukuu wakiulizana nani kachukuliwa.

Jumatatu ya Pasaka Mama aliniita chumbani. Alivuta sanduku la patasi za baba, na nyuma yake akatoa makopo mawili makubwa ya maziwa ya unga. Yalikuwa yamejaa sukari. Miaka minne, kaka, kila mgawo alipima nusu yake akaiweka, ili siku utakayorudi wageni wote wanywe chai tamu, asiwepo mtu wa kusema kwamba mtoto wa mjane alipokewa kwa maji matupu. Aliniuliza sukari kiasi gani ndiyo inayomfanya mtu kuwa mhujumu. Nilimwambia hiyo ni ya mgawo wake, hakuiiba wala hakuiuza, na akae nayo kwa amani. Alinisikiliza, akayarudisha makopo mahali pake. Lakini redioni alikuwa amelisikia neno kuficha, na ile sukari kweli alikuwa ameificha.

Jumatano, tarehe 6 Aprili, nikiwa kazini, Mama alitoka na makopo yake na kigogo akaenda kupanga foleni. Haya nimeyapata kwa Mwanabaraka aliyekuwa nyuma yake, na kwa Hija, binti anayeuza pale. Zamu yake ilipofika, Hija alimwomba kadi ya kaya. Mama akamwambia hakuja kuchukua, amekuja kurudisha. Hija anasema tangu aajiriwe hajapata kuona kitu kikiingia kwa upande ule wa dirisha. Alimshauri Mama arudi nayo nyumbani. Mama akasema nyumbani ndiko inakokatazwa.

Nyuma watu walianza kusukumana. Wengine walicheka, wengine wakasema kama bibi hataki sukari basi awagawie wao, na Mwanabaraka akawaambia wafunge midomo inzi wasiingie. Ndipo mtu mmoja akatamka neno mlanguzi. Hata sidhani alikuwa na nia mbaya. Ndilo neno lililokuwa midomoni mwa watu wiki ile. Mgambo aliyesimamia mlango akalisikia, akafanya alichowekwa kufanya.

Walimkalisha kwenye benchi ofisini kwao hadi jua likapinduka. Walimuuliza alikusudia kumuuzia nani sukari yote ile. Akasema ni ya mwanawe. Walipouliza mwana huyo yuko wapi, akasema yuko Bulgaria. Basi aliyekuwa akiandika akaandika kwamba mali hiyo ilikuwa ya kupelekwa nchi za nje. Mzee Mwinjuma, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyekwenda kumtoa. Aliwauliza ni mlanguzi gani wamewahi kumwona akipanga foleni ili ajikamatishe, tena akisubiri zamu yake. Wakamwachia Mama, makopo yakabaki kuwa kielelezo. Hayajarudi hadi leo, wala hatujayauliza.

Nilipotoka kazini nilimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni. Kigogo alikuwa amekiegemeza nyuma ya mlango, uso ukitazama ukuta. Hakulia. Aliniambia tu kwamba alipopita mtaani, waliokuwa wakizungumza walinyamaza, na kwamba wengine walimwamkia kwa adabu kuliko siku zote, na hiyo adabu ndiyo iliyomuuma.

Tangu siku hiyo hajakanyaga dukani. Juma lililofuata Mwanabaraka alileta kikombe cha sukari kilichofunikwa kwa kisahani. Mama alimkuta mlangoni, akamwomba kwa jina la Mungu asikivushe kizingiti. Mwanabaraka alirudi na kikombe chake, na kwa muda mrefu nilimsikia upande wa pili wa ukuta akiwakaripia watoto bila sababu.

Sasa jibu la Mama. Nililiandika palepale alipolisema, na ni hili: "Mwambie abaki. Huko kuna maduka. Akirudi nitamwekea nini mbele yake? Abaki asome, na mimi hiyo miaka miwili nitakusanya tena." Aliniapisha niliandike bila kupunguza neno, nami sijapunguza. Agizo nimelitimiza.

Kabla sijafunga bahasha atataka nimsomee. Mama hajui kusoma, lakini anajua urefu wa barua, na atashangaa karatasi kuwa nyingi kuliko maneno. Nitamsomea maamkizi, na habari za betri za Mwanabaraka, na hilo neno lake. Yanayofuata sitamsomea.

Kaka, Mama hatakusanya tena. Miguu yake imevimba tangu Juni. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Hulala ameegemea mito kwa sababu akijinyoosha pumzi humpungukia, na kutoka kitandani hadi uani hupumzika mara moja njiani. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali. Daktari aliniita pembeni akaniambia moyo umechoka. Nilipomuuliza habari za mwakani, alisema kwa upole kwamba tuzungumze kwanza habari za Krismasi. Nilidhani nitamficha Mama. Tulipokuwa tukirudi aliniambia nisikunje uso, kwamba mwili ni wake na yeye alijua kabla ya daktari. Akanikataza kukuandikia, akisema mtu hawezi kusoma injini huku anahesabu pumzi za mama yake.

Kwa hiyo anajua. Alipotamka hiyo miaka miwili alikuwa anajua kwamba haipo. Si kwa ajili ya injini anataka ubaki. Anaogopa uingie katika nyumba isiyo na kitu cha kukupokelea, umkute yeye ndani yake. Nimelala na jambo hili siku nyingi, na hii ni mara yangu ya kwanza kumwasi Mama. Rudi. Waandikie chuo mara upatapo barua hii, na kama kuna safari kabla ya Desemba, panda hiyo. Usilete sukari, ataiogopa. Njoo wewe.

Mimi nimekigeuza kigogo uso wake. Jumamosi nakipeleka foleni mwenyewe, na siku za kazi Mwanabaraka hukitoa asubuhi. Tunachukua unga na sabuni, sukari tunaiacha. Hakuna aliyewahi kukiruka. Jana nilichelewa kurudi, nikiwa bado mbali nikawasikia wakiambiana wamsogeze mzee, mzee kaachwa nyuma. Jioni kikirudi, Mama haulizi tumepata nini. Huuliza kilifika wapi.

Mzee Mwinjuma anakusalimu. Hija naye anakusalimu ingawa hakujui. Tangu siku ile hupita kila Jumapili kumjulia Mama hali, hukaa kidogo na kuondoka. Mwanabaraka anasema betri zake bado mpya, basi uje na redio, vinginevyo asikuone. Na Mama anakusalimu sana sana. Salamu hii ni yake mwenyewe, ameitamka sasa hivi kutoka chumbani, akiuliza mbona kalamu haijanyamaza.

Mungu akulinde njiani. Siku utakayofika, kama hutatukuta mlangoni, usishtuke. Mama atakuwa kitandani, nami nitakuwa dukani. Pitia huko kwanza. Ukikiona kigogo cha baba, kisogeze.

Ni mimi mdogo wako,

Bernadeta