Kucha Nyeupe za Tofi

Wamagana, Jumapili

Kwako Murugi, mtoto wangu,

Sisi tuko salama. Mvua imekuja, na ng'ombe amezaa ndama dume.

Juzi nilimkata Tofi kucha vile ulinionyesha Krismasi. Nilimkanda mguu mpaka akatulia, nikashika yale makasi uliyoniachia. Ulisema nikate ncha tu, nisifikie mshipa mwekundu, na kwamba kwa mbwa wa kucha nyeupe hata mtoto anauona. Nikakata. Alilia kama mtu. Damu ilijaa kwa leso yangu, nikaizuia na unga wa ugali kama ulivyonifunza. Sasa Tofi akiniona anajificha chini ya ghala.

Baba yako anasema ati nilikuwa na haraka. Sikuwa na haraka, Murugi. Niliitazama hiyo kucha kwa muda mrefu, juani, na sikuona mshipa wowote.

Majani chai nayachuma kwa kupapasa. Karani wa kupima chai amenirudishia kikapu mara mbili, ati nimechanganya na majani makuukuu. Naogopa, na baba yako sijamwambia. Usipige simu, atasikia. Njoo.

Na ukifika langoni, taja jina lako kwanza, nijue ni wewe.

Mama yako,
Nyawira