Maelezo ya Shahidi Kuhusu Ukuta wa Kati

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, mtaani anaitwa Bwana Hoja
Umri: miaka 57
Kazi: mwandishi wa makala magazetini
Makazi: jengo la zamani la mawe, ghorofa ya pili, chumba namba 6

Nimekuja kwa hiari yangu. Nimesikia fundi wa kuta anashikiliwa hapa kwa tuhuma za kuvunja chumba namba 7 na kutoboa ukuta. Mlango aliuvunja kwa sababu nilimwamuru. Ukuta hakuutoboa.

Katika chumba namba 7, kinachopakana na changu, aliishi Mama Cherehani, mshonaji, mjane wa miaka sabini na moja. Kwa miaka kumi na moja, kila siku saa moja asubuhi, aligonga ukuta mara tatu kwa kastabani, ile kofia ya chuma aliyovaa kidoleni akishona. Nami nilijibu mara mbili kwa kijiko. Maana yake tumeamka, basi. Hatukuwa na mazoea mengine. Mimi sina wageni, naye wateja wake waliishia mlangoni.

Ukarabati ulipoanza, mwenye nyumba alikubali kuweka mikeka ya sufi na bodi za jipsamu kwenye kuta za nje tu, kuzuia baridi. Nilimwandikia barua nne. Nilidai kila ukuta uvikwe, pande zote mbili, na nikashinda. Mnamo tarehe 2 mwezi huu, saa tatu asubuhi, fundi alisimama chumbani kwangu akaniambia, "Mzee, huu wa kati hauleti baridi. Nyuma yake kuna mtu." Nikamjibu, "Wewe pigilia. Usinifundishe haki zangu." Akacheka, "Haya bwana, tutauvalisha koti na kofia." Akapigilia kwangu, kesho yake kwa Mama Cherehani.

Tarehe 4 mama huyo alinikuta kwenye ngazi. "Sasa Bwana Hoja, nitakugongea wapi?" Nikasema, "Gonga mlangoni, kama watu." Akasema, "Makubwa! Mlangoni si utadhani nina shida?" Tukacheka. Hakugonga mlangoni hata siku moja. Mimi pia sikugonga kwake. Chumba kilikuwa na joto na nilikuwa naandika.

Tarehe 21, saa tano asubuhi, nilimkuta mteja amekaa kwenye ngazi na kitambaa mapajani. Alisema, "Jana nimegonga, leo nimegonga, kimya." Niliita, nikaupiga mlango makofi. Fundi alikuwa chini anapaka rangi. Nikamwita aje na mtaimbo. Akasita: "Mlango wa mtu huu, mzee." Nikamwambia, "Vunja, nitajibu mimi." Sasa najibu.

Mama Cherehani alikuwa sakafuni, kando ya ukuta wa kati, amefariki. Mguu mmoja ulikuwa umepinda vibaya. Mkasi wake mkubwa ulikuwa chini ya mkono. Bodi ilikuwa imekatwa karibu na sakafu, sufi imevutwa nje, jiwe liko wazi kiasi cha sahani. Kwenye jiwe kulikuwa na alama ndogo nyeupe, nyingi, moja juu ya nyingine. Kastabani ilikuwa kidoleni. Tundu hilo alilikata yeye.

Daktari amesema alianguka tarehe 19 na huenda aliishi mpaka siku ya pili. Siku zote hizo nilikuwa mezani kwangu, hatua mbili kutoka ukuta huo. Afande ameniuliza nilisikia nini. Sikusikia kitu. Bodi ya upande wangu ilikuwa nzima, imepigiliwa vizuri sana.

Fundi aliniambia nyuma ya ukuta kuna mtu. Mwachieni.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Yasilainishwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Dokezo la afisa: Maelezo yamesomwa kwa shahidi saa nane na dakika kumi mchana, ameyakubali. Fundi ameachiwa. Tulipofika chumba namba 6 kupiga picha, tulikuta bodi yote ya ukuta wa kati imeng'olewa. Shahidi alisema ameing'oa mwenyewe. Kijiko kilikuwa sakafuni, kimepinda.