Kiwanda Chetu cha Mashuka Kimeokoka

Shauri Moyo, Nairobi

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika huko? Sisi tu wazima, na nina furaha tele. Usiing'oe ile pamba, Mama! Kiwanda chetu hakifungwi tena.

Unajua tulivyokuwa tumekwama. Vipuri vya kutoka ng'ambo vilikosekana, nusu ya mitambo ya kufuma ikanyamaza, na wanunuzi wa pamba wakaacha kufika huko nyumbani. Ndipo tukasikia serikali itasaidia viwanda vichache tu, na vingine vitafungwa. Chetu kiliomba. Kile cha manukato anakofanya kazi Kioko wangu nacho kikaomba.

Jumapili tukitoka kanisani, Kioko akaniambia, "Wakituchagua sisi, pamba ya Mama itaoza. Mimi ni mwanamume, nitatafuta kazi nyingine. Ukiulizwa, usinionee huruma."

Nikacheka. Nani angeniuliza mimi?

Basi mkubwa wa kamati ya serikali ya kuchagua viwanda akaja, akapita katikati ya mitambo, meneja akimfuata nyuma na maelezo yake. Mara akasimama mbele yangu. "Mama, nikiwapa ninyi nitawanyima wengine. Wale wa manukato nitawaambia nini?"

"Mzee," nikasema, "mmoja wao ni mume wangu, na ninampenda. Lakini kule wanajaza chupa vitu vilivyoletwa na meli. Hapa tunafuma pamba aliyolima mama yangu, na wagonjwa hospitalini wanalalia mashuka yetu. Ukitufunga sisi, umefunga na mashamba."

Alishika shuka moja, akalikunjua, akaenda zake. Wenzangu wakanitazama kama mtu aliyefiwa.

Wiki iliyopita matokeo yakabandikwa langoni. Tumepewa msaada! Mama, vigelegele vilivyopigwa hapo ungevisikia huko kwenu. Kioko alikuwa amesimama nje. Nilipomwona nikasita kumwendea, kwa sababu chao kimeachwa. Yeye akaninyanyua juu mbele ya watu wote, akipaza sauti, "Mwoneni mke wangu!" Hata askari wa lango akacheza.

Sitakuficha, tulipofika nyumbani alishindwa kula, nami nikakaa naye. Kesho yake akaenda kwa mafundi wa majiko hapa mtaani, akaomba wamfundishe. Leo ameleta jiko lake la kwanza. Limepinda mguu, nimeliegemeza kwa jiwe, na chai ninayokunywa nikikuandikia imechemkia juu yake. Sijawahi kunywa chai tamu kama hii.

Msalimie kaka yangu Mutua, shangazi na wanakwaya wenzake, na mdogo wangu Mbithe anayekusomea.

Ubaki na amani, Mama.

Binti yako anayekukumbuka kila siku,
Mueni