Valvu Zimeingia Vizuri

Soweto West, Kibera
3 Machi 2025

Kwako mkwe wangu Walubengo,

Oyawore. Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua asubuhi. Nyinyi huko Kawangware mko aje? Kikohozi cha binti yangu Audrey kimeisha? Mwambie anywe maji moto na aache kubishana na kila mtu dukani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu siwezi kupigiana kelele kwa simu na mume wa binti yangu. Hiyo si adabu. Audrey anapita huku kila siku akienda kazini, atabeba.

Ile ampu ya valvu, mashine ya kukuza sauti aliyoniachia marehemu mume wangu Okello, imenyamaza. Valvu moja ya nyuma, zile kama taa za kioo, imekuwa nyeupe ndani kama chupa ya maziwa. Na Jumapili ya tarehe thelathini ni ya akina mama kanisani, mimi ndiye naongoza wimbo, mwaka wa ishirini na moja huu. Nabwire wa sauti ya pili anazunguka akisema koo langu limezeeka, nimpishe. Kanisani wamenunua mashine mpya nyeusi, ukiimbia hiyo unasikika kama bati likikwaruzwa. Kwa ya Okello bado mimi ni mimi. Nikiikosa siku hiyo, Nabwire atashika maikrofoni, na hataiachilia tena.

Kuja kutengeneza hapa huwezi. Nyumba ni chumba kimoja na kitanda changu kiko nyuma ya pazia. Mkwe haingii mahali mama mkwe analala, hata kwenu Waluhya mnajua. Na mashine haitoki, ila kwenda kanisani tu. Kwa fundi ilienda mara moja ikarudi na transfoma ndogo mahali pa kubwa, na fundi akaapa kwa Biblia kwamba ni ile ile. Fundi ni fundi, hata akiwa mkwe. Tuma valvu na maelezo.

Mama mkwe wako,
Nereah


Kawangware
6 Machi 2025

Kwako Mama,

Mulembe. Tuko salama, Audrey amepona na anabishana kama kawaida. Pole kwa magoti.

Mama, valvu yako inaitwa 6V6. Nimezunguka maduka ya Luthuli siku mbili, hakuna. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nataka ya baiskeli. Mwishowe nimepata 6L6 mbili, nimezitoa kwa ampu iliyokufa huko Riruta Satellite. Hizi ni ndugu za 6V6, lakini ni ndugu walaji. Miguu ni ile ile, zitaingia kwa tundu bila shida, na hapo ndipo watu hupotea. Kupasha moto tu zinakula umeme mara mbili ya zile zako. Transfoma ikiwa ndogo itaungua, na wewe mwenyewe umesema yako ni ndogo.

Kwa hivyo tafadhali niandikie namba zilizo juu ya transfoma. USIZIINGIZE mpaka nikujibu. Nazituma leo kwa sababu Audrey ameshavaa viatu.

Mkwe wako,
Walubengo


Soweto West
7 Machi 2025

Mkwe wangu,

Hamjambo huko? Mimi leo hata magoti nimeyasahau. Zimeingia vizuri! Ogola jirani alizisukuma mara moja tu, tik, zikakaa. Namba sikuziona, zimefunikwa na masizi. Na wewe pia, unamtumia mtu chakula kimeiva halafu unamwambia asile?

Yawa, ungesikia sauti! Akina mama wa kwaya walikuja wakajaa mlangoni, na Nabwire akameza mate. Tutafanya mazoezi kila asubuhi. Unaogopa sana, Walubengo.

Mama mkwe wako,
Nereah


Kawangware
8 Machi 2025

Mama,

Salamu baadaye. Simu hupokei, kwa hivyo Audrey anakimbia na hii. Zima mashine! Chomoa waya ukutani, kisha weka mkono karibu na transfoma, usiiguse. Ukihisi joto kama la jiko, usiwashe tena hata kwa dakika moja. Nakuomba kwa heshima zote. Nakuomba, Mama!

Walubengo


Soweto West
8 Machi 2025

Mkwe,

Mimi si mzima, nimekasirika. Barua yako imefika saa sita. Mashine iliungua saa nne, katikati ya ubeti wa pili, moshi mpaka kwa Ogola. Nyumba inanuka kama mtu amekaanga viatu. Nabwire alinisaidia kufungua dirisha huku akisema "pole mama, pole mama," na pole hiyo ilikuwa na meno.

Sasa niambie, nani hutuma valvu kabla ya kumaliza maelezo? Okello hangefanya hivyo.

Nereah


Kawangware
11 Machi 2025

Kwako Mama,

Natumaini moshi umeisha na kifua chako kiko sawa.

Mama, wewe ni mzazi na sitaki kukukosea. Lakini niliandika kwa herufi kubwa! Herufi kubwa, Mama! Mteja mwingine ningemwambia atafute fundi mwingine. Kosa langu nalikubali: nilikupa kiberiti nikakwambia usiwashe. Hilo limeninyima usingizi, na Audrey ameniongezea lawama zake.

Valvu zenyewe huenda ni nzima. Nimepata transfoma kubwa inayoziweza. Lakini lazima ichomelewe nyaya saba, na rizista moja ibadilishwe ili 6L6 zisijichome zenyewe. Hiyo haiandikiki kwa barua. Mashine ije kwangu au mimi nije kwake. Nimemaliza maarifa.

Mkwe wako,
Walubengo


Soweto West
25 Machi 2025

Mkwe wangu Walubengo,

Natumaini mko wazima. Nimekaa wiki mbili bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu nikawa na kiburi, halafu Ogola akasema anaweza. Amefungua, akaona hizo nyaya, akafunga. Ameniomba chai.

Mashine haitoki, nimeshasema. Na wewe huingii mahali nalala, hilo pia nimeshasema. Kwa hivyo nimetoa kitanda. Kimefunguliwa vipande na kimewekwa kwa Ogola, pazia nimelikunja. Chumba sasa kina meza, mashine na viti viwili. Nitalala kwa Mama Wangoi hapo nyuma mpaka umalize, mkeka wake ni mwembamba na anakoroma vibaya. Wazee wakiniuliza nitawaambia hiyo si nyumba ya kulala, ni karakana.

Njoo Ijumaa saa nne. Usichelewe, mgongo wangu hauna subira.

Mama mkwe wako,
Nereah


Soweto West
31 Machi 2025

Walubengo,

Natumaini ulifika salama jana. Mimi niko, sijalala vizuri, na safari hii usimlaumu Mama Wangoi.

Jana kanisani niliimba ubeti wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu sauti ikakatika. Kanisa zima lilisikia. Halafu wewe, uliyekuwa umekaa nyuma na mashine, ukasimama mbele ya watu ukasema: "Samahani, ni kosa langu, nimeweka valvu isiyofaa." Wakakucheka. Nilisikia mmoja akisema redio yake hataileta kwako hata bure. Ukainamisha kichwa, ukachomoa waya, ukanipa maji.

Jana jioni niliiwasha hapa nyumbani. Nilimpa Audrey maikrofoni, akaimba huo ubeti wa tatu. Mashine ilikuwa safi kabisa. Ni kazi nzuri sana, hata Okello hakuwahi kuifikisha hapo. Kisha nikaimba mimi, nikakatika pale pale.

Ulidanganya kanisani, mwanangu. Nimekasirika mpaka nimelia, na sijui nimelilia lipi. Ni koo langu. Nimelijua tangu mwaka jana.

Leo asubuhi nimempelekea Nabwire kitabu cha nyimbo. Na Jumapili ijayo nitasimama pale pale ulipoinamisha kichwa, niseme valvu hazikuwa na kosa na fundi hakuwa na kosa. Usinikataze. Uje, ukae mbele.

Mama yako,
Nereah