Sheria ya Kumi na Nne

Jumamosi, 10 Mei

Jambo hili sijamwambia mtu. Sheria ya kumi na nne haikuwepo leo asubuhi. Nimeiandika mimi saa kumi jioni, peke yangu darasani, kwa kalamu ileile niliyoandikia zile kumi na tatu.

Ilivyokuwa. Nusu fainali ya lasti kadi, mchezo wetu wa karata, klabu ya hisabati. Mimi sichezi, ni katibu. Daftari la sheria ni langu. Nilianza kulijaza Februari kwa sababu kila mtu alikuja na sheria za kwao, na nusu ya kila Jumamosi iliishia kwenye ubishi. Mwalimu Komba, mlezi wa klabu, akasema andika, tukubaliane. Sheria ya nne aliileta Rajabu wa Tunduru: ukipigwa karata ya mbili unaokota karata mbili, lakini ukiwa na mbili yako unaiweka juu, na adhabu inamhamia mwenzako ikiwa nne. Sheria ya tisa ni ya kwetu Maposeni: huruhusiwi kumaliza mchezo kwa karata ya adhabu, kama hiyo mbili. Zote zilikubaliwa. Hakuna aliyeziweka pamoja akaona zinagongana. Hata mimi.

Leo Rajabu alibaki na karata moja. Deo akampiga mbili. Rajabu akaweka karata yake mezani. Mbili.

Amejikinga, au amemaliza kwa adhabu? Yote mawili.

Wakageuka wote kunitazama. "Katibu, sema!" "Skola, daftari linasemaje?" Nikasema haruhusiwi, aokote. Rajabu akauliza imeandikwa wapi. Nikasema imeandikwa, nitamwonyesha Jumatatu.

Akaokota. Mizunguko miwili baadaye Deo akamaliza.

Sikumpendelea Deo. Niliogopa kusema sijui. Basi.

Jumapili, 11 Mei

Misa. Sikupokea komunyo. Nimewaambia wenzangu tumbo linauma. Uongo wa pili.

Jumamosi ijayo klabu inakwenda kucheza na shule moja ya Mbinga. Gari lina nafasi za wanafunzi watatu: washindi wawili wa nusu fainali, yaani Deo na Fabiola, na mimi kama mwamuzi. Dada yake Rajabu anasoma uuguzi Mbinga. Hawajaonana tangu Januari. Darasa zima linajua, maana amekuwa akituhesabia siku.

Jumatatu, 12 Mei

Rajabu amekuja kwenye dawati langu wakati wa mapumziko. Nimemwonyesha sheria ya kumi na nne: huruhusiwi kujikinga kwa karata ya mwisho. Ameisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Haya. Kama ipo, ipo."

Kisha akasema samahani kwa kelele za juzi. Ameniomba msamaha. Mimi.

Sikula uji.

Jumanne, 13 Mei

Nimeulizia. Nilitaka nikute nilikuwa sahihi bila kujua. Mpishi wetu, mama wa Lusewa, anasema kwao unaruhusiwa, na mwenzako anaokota zake nne huku umeshaondoka mezani. Mlinzi anasema hapana, unaokota na kuchekwa unachekwa. Fabiola anasema kwao hawachezi na mbili kabisa.

Hakuna jibu. Na hata wangesema wote hapana, ningekuwa tu nimedanganya kwa bahati nzuri.

Jumatano, 14 Mei

Baridi. Mwalimu Komba amelisifu daftari mbele ya darasa. Anataka nakala kumi zichapwe Ijumaa, ziende Mbinga, shule zote mbili zitumie sheria hizi. Walinipigia makofi. Rajabu naye alipiga.

Najichukia.

Alhamisi, 15 Mei

Nimesema.

Niliingia ofisi ya walimu saa nane. Mwalimu Komba alikuwa anasahihisha. Nikasema shikamoo mara mbili. Nikamweleza yote nikiangalia viatu vyake.

"Na ungesema hujui, ingekuwaje?"

"Wangenicheka, mwalimu."

"Wangekucheka dakika ngapi?"

Mwalimu akasema kumwambia yeye hakutoshi, aliyenyang'anywa ushindi si yeye. Baada ya vipindi akaita klabu. Nilisimama. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie. Sheria ya kumi na nne niliitunga baada ya mchezo. Jumamosi ilikuwa haijaandikwa popote.

Kisha Deo: "Kumbe mimi nimeshinda kwa sheria hewa!" Wakacheka. Rajabu hakucheka. Aliniangalia, akaangalia dirisha.

Wengine walisema apewe ushindi wake. Wengine walisema wa Deo ubaki, mchezo ulishaisha. Mwalimu akasema sheria zikigongana na hakuna anayejua, hakuna mshindi. Rajabu mwenyewe akasema, "Sitaki kupewa. Turudie." Deo akasema, "Njoo, nikufunge kwa sheria halali." Kabla ya kugawa karata wakakubaliana wao wenyewe: kujikinga kunaruhusiwa, hata kwa karata ya mwisho. Ilichukua sentensi moja.

Rajabu amefungwa. Hakupata mbili hata moja. Alibaki na karata tisa mkononi. Alimpa Deo mkono, akatoka.

Nilidhani nikisema ukweli mambo yatakaa sawa. Hayajakaa.

Ijumaa, 16 Mei

Asubuhi nilimwomba Mwalimu Komba nafasi yangu ya gari apewe Rajabu. Alikataa. "Hicho ni kiti cha mwamuzi, si cha pole." Nikasema sheria nyingi za daftari zimetoka kwa Rajabu, anazijua kuliko mimi. Nikasema pia kwamba mimi wiki hii sifai kuwa mwamuzi. Hapo akasema atamjaribu kwanza.

Alimwita Rajabu, akamuuliza maswali matano magumu, ya sheria zinazogongana. Manne alijibu papo hapo. La tano alisema, "Hiyo haijaandikwa, mwalimu. Nitawauliza wachezaji kabla hawajaanza."

Mwalimu akafuta jina langu kwenye orodha, akaandika lake.

Tulipotoka, Rajabu alisimama kwenye veranda.

"Skola, bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nyingi."

"Najua."

"Haya. Lete daftari."

Nilichana ukurasa wa sheria ya kumi na nne mbele yake, nikampa daftari.

Jumamosi, 17 Mei

Gari limeondoka saa moja asubuhi. Nililisikia likitoka getini. Sikwenda kuwaaga, nisingejua nisimame wapi.

Nimefua sare na shuka. Nimeanika. Nimesoma Baiolojia, kurasa sita, nikaelewa nne.

Saa tano nilipita bwaloni. Wasichana wawili wa kidato cha pili walikuwa wanacheza. Walikwama. Mmoja ameweka joka, nayo ni karata ya adhabu, mwenzake anataka kuweka mbili juu yake ili asiokote. Wakaniita. "Dada Skola, inaruhusiwa?"

Nikasema sijui.

Mmoja akasema, "Basi kwa leo tuseme hairuhusiwi." Mwenzake akasema sawa, akaokota, wakaendelea. Niliketi kwenye benchi lao nikaangalia mchezo hadi mwisho. Kisha nikaenda kugeuza shuka upande wa pili, jua lilikuwa limehama.