Neno Jipya la Keiko

Jumanne, Julai. Pearland.

Leo Keiko hakuniita "hossori". Tangu nianze kupungua, huyu Mjapani tunayefanya naye kazi wodini amekuwa akinisifu kwa neno hilo: mwembamba wa kupendeza. Nami nilifurahi, maana kwetu ukikonda unaulizwa unaumwa na nini.

Leo tukitandika kitanda aliniangalia sana, kisha akasema polepole, "Yatsureta." Nikamuuliza hiyo nayo ni sifa gani. Akasema si sifa. Ni mtu aliyekondeshwa na ugonjwa au mawazo.

Nilikasirika. Nani alimuuliza? Majibu yangu ya damu yako kwenye simu wiki ya tatu sasa, na sijayafungua. Mimi, nesi mzima.

Saa ya lunch nikaenda kwenye gari kumpigia Mama video. Kwanza nikavaa zile sweta mbili ninazoziweka huko, zinijaze mabega.

"Huko kuna baridi?" akauliza.

"Sana, Mama."

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

"Hebu vua moja nikuone."

Nikamwambia network imepotea, nikakata. Network ilikuwa sawa. Nilimwona vizuri kabisa, akingoja.